Upande wa Nyuma wa Sinia

Kisimba mwanangu,

Umeondoka na hasira kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mlango umeubamiza mpaka udongo wa ukuta umedondoka kwenye unga. Sawa. Ningekuwa wewe ningeubamiza vilevile. Nimekaa hapa nyuma ya nyumba kwenye kigoda chako, mvua imetupumzisha kidogo, jua bado liko juu, na mikono yangu inanuka maji ya muhogo. Utajua kwa nini ukifika mwisho.

Sitakuandikia mambo ya kuoga na kula na kuangalia mzigo wako ndani ya boti ukienda kwa baba yako. Umeuza dagaa wa chisense pamoja nami soko la Kashikishi tangu ukiwa hujui kufunga kamba za viatu. Mtu atakayekuibia mfuko lazima awe fundi kweli. Wala sitakuandikia umpende baba yako. Hilo unalijua tayari, na aliyekufundisha ni mimi mwenyewe, kila Jumamosi, kwa majivu na kitambaa.

Jana ulilikuta sinia letu la shaba nyuma ya gunia, jeusi, limeota kutu ya kijani kwenye ukingo. Hujawahi kuliona hivyo. Ukachota majivu jikoni, ukaanza kulisugua kwa pupa, nami nikakunyang'anya mkononi kama mwizi. Ukaniambia, "Mama, unataka baba aone sawa tulikuwa bachafu?" Niliingia ndani nikajifanya natafuta chumvi. Jibu lenyewe ni refu, Kisimba, na mdomo wangu ukianza habari za baba yako huwa unaharibu kila kitu. Ndiyo maana naandika.

Sinia lile lilikuwa la babu yake baba yako. Alikuwa mpishi wa muzungu mmoja kule Pweto, na muzungu alipofunga nyumba yake akaenda kwao, alimwachia sinia. Shaba ya njano, zito, katikati limechongwa ndege wawili wanatazamana. Katika ukoo ule sinia hilo lilikuwa zaidi ya mtu. Siku ya Bonane, yaani mwaka mpya, lilitolewa, na kabla wali na kuku havijawekwa juu yake wageni waliinama mmoja mmoja kujitazama meno. Mtu akijiona vizuri, mke wa nyumba hiyo alisifiwa. Asipojiona, hakuna aliyesema neno, ila chakula kililiwa kimya, na ukimya ule ulikusubiri jikoni mpaka Bonane nyingine.

Nilipoolewa, mama yake baba yako, nkambo wako, hakunisalimia kwanza. Alinipa sinia. Akanipeleka kwenye pipa la muhogo uliolowekwa, akachovya kitambaa katika yale maji yaliyochacha, akaonyesha mara moja tu. Unapaka haraka, unasuuza. Halafu majivu laini, yaliyopita kwenye kitambaa, kwa sababu majivu ya hivihivi yana mchanga na mchanga unakwaruza. Unasugua kwa kuzunguka, usipige huku na huku kama unayefuta meza. Unasuuza tena, unakausha papo hapo, kisha tone la mawese, na unalifuta mpaka kitambaa kiteleze. Yeye alikuja baadaye na ncha ya kilemba chake cheupe. Akifuta na ncha ikatoka nyeusi, unaanza upya.

"Maji ya muhogo ipite," aliniambia. "Isiikale. Ikikaa, inakula shaba."

Nilikuwa na miaka yako hivi. Nilisugua, nikaanza upya, nikasugua. Vidole vilipasuka, nikala ugali kwa kuvumilia. Nkambo wako hakuwa mtu mbaya, nakwambia ukweli, alikuwa amesugua yeye kabla yangu na hakuna aliyemwonea huruma. Baba yako alikuwa akipita ua, anatazama, anaendelea na safari zake. Nilidhani ananitazama mimi.

Ndipo ikaja ile vita. Baba yako alikuwa ameshaenda Lubumbashi kutafuta kazi ya magari, akasema atatuita. Wewe ulikuwa mtoto wa darasa la pili, na jino la mbele limetoka. Tulipopata habari kwamba watu wenye silaha wako kijiji cha jirani na kwamba wanabeba kila kinachong'aa, nkambo wako alisimama katikati ya nyumba akashika kichwa. Hakulilia mbuzi, wala mashine ya kushonea. "Plato! Bataikamata plato!" Plato ndiyo sinia, alivyozoea kuliita. Nikalichukua, nikakimbia nalo hadi shimo la kulowekea muhogo kule karibu na kijito, nikalizamisha chini kabisa, muhogo juu yake, matope juu ya muhogo. Nani ataingiza mkono katika shimo linalonuka hivyo? Nilijiona mwenye akili kuliko watu wote wa Pweto.

Tulikaa porini muda mrefu kuliko tulivyofikiri. Tulipoamua kuvuka mpaka kuja upande huu wa ziwa, nkambo wako alikataa kutembea bila plato. Alikaa chini kama mtoto. Nikakuacha naye kwenye kichaka, nikarudi peke yangu mpaka shimoni. Kijiji kilikuwa tupu. Muhogo ulikuwa umeoza wote. Nililivuta sinia kwenye ute ule, nikaliosha kijitoni, na nilipoliinua kwenye mwanga nilikaa chini. Lilikuwa limegeuka jekundu, jekundu la ufizi, na limetobokatoboka vitundu vidogo. Maji hayakupita. Yalikaa, yakala.

Sasa sikiliza sehemu ambayo sijawahi kukuambia, ingawa ulikuwepo.

Nililifunga mgongoni kwa kitenge, kama mtoto, ili watu njiani wasilione. Tukatembea. Ulikuwa umekanyaga mwiba mkubwa na mguu umevimba. Ulitembea kwa kisigino, kisha ulitembea kwa kunishika nguo, kisha ukasimama. Ukasema, "Mama, nibebe." Nikakwambia, "Mugongo iko na kintu." Ndivyo nilivyokwambia. Hukulia. Ungelia labda ningelitupa lile dude porini. Ulinitazama mgongo, ukatazama mguu wako, ukaendelea kutembea.

Ndani ya boti mama mmoja aliyekaa karibu nami alikiona kitenge changu kimetuna, akaniambia, "Mama, mutoto iko kimya sana. Umunyonyeshe basi." Nikasema hapana, amelala. Akasema, "Atakauka na hii jua. Mufungue." Watu wakaanza kunitazama, walidhani nimebeba maiti. Nikafungua. Walipoliona sinia walicheka, Kisimba, watu waliopoteza kila kitu walicheka mpaka boti ikayumba. Wewe ulikuwa umekaa kwenye maji ya chini ya boti, mguu umeunyoosha, nawe ukacheka pamoja nao. Yule mama hakucheka. Alikuinua, akakukalisha mapajani kwake mpaka tulipofika. Sikumwuliza jina. Kila nikikumbuka mapaja yale natamani niyapigie magoti.

Nkambo wako alifia kule kambi ya wakimbizi ya Kenani, kwa uzee na uchovu. Siku zake za mwisho alilala mkono wake ukiwa juu ya sinia, na hakunigombeza kwa wekundu ule. Alisema tu, "Ulirudia plato." Ndilo neno jema pekee nililopata katika ukoo ule, na nimelila kidogokidogo miaka yote hii.

Baba yako alikuja mara moja. Tulikuwa tumeshahamia nyumba hii. Unakumbuka biskuti alizokuletea, na unakumbuka alivyokurusha juu, kwa sababu umenisimulia mara nyingi kama mtu anayesimulia sinema. Wewe ulikwenda kuwaonyesha wenzako biskuti. Haya mengine hukuyasikia.

Alikaa kwenye kiti. Kabla ya kuuliza mama yake amezikwa wapi, aliuliza, "Ile plato ya ba nkambo iko wapi?"

Nikamletea. Akaligeuza upande huu na huu.

"Umeifanya nini? Imekuwa nyekundu sawa nyama!"

"Niliificha mu shimo ya muhogo. Balikuwa banakuya."

"Mwanamuke wa akili anatia shaba mu muhogo? Mama hakukufundisha?"

"Alinifundisha. Sasa ningefanya nini? Wewe ulikuwa wapi?"

Hapo ndipo alipokasirika, na alikasirika kwa sababu ya swali, si kwa sababu ya sinia. Aliinuka. Alisimama mlangoni, na aliyoyasema ninaweza kuyarudia hata usingizini: "Ikirudi bile ilikuwa, utaniita."

Na mimi nikaamini. Unaweza kunicheka, nicheke hata sasa hivi ndani ya boti. Mwanamke mzima, nimevuka ziwa na vita, nikaamini kwamba mwanamume aliyenikimbia atarudi sinia likiwa la njano. Nilifikiri, basi ni kazi tu, na kazi naijua. Nikaanza kusugua upande wa juu. Kila Jumamosi. Chini ya ule wekundu kulikuwa na njano, lakini mbali, na haikutaka kutoka. Na kwa haraka yangu sikuchuja majivu vizuri. Wale ndege wawili niliwasugua mpaka wakafutika. Ukitazama sasa utaona jicho moja tu na kidogo cha mkia, na mtu asiyejua atadhani ni mkwaruzo. Nilitaka lirudi kama lilivyokuwa, nikafuta kile kilicholifanya liwe lile.

Ulipoanza kukua ulikuja kunisaidia. Ulikuwa unashika ukingo, mimi nazungusha kitambaa. Ukaniuliza, "Mama, tunasugulia nani?" Ningekujibu ukweli siku ile, leo usingekuwa unafunga mzigo. Nilikwambia, "Baba yako. Akuye akute inang'aa." Nikakuona umeanza kusugua kwa nguvu, ulimi umeutoa nje. Nikaona raha. Nikarudia maneno yaleyale Jumamosi iliyofuata, na zote zilizofuata. Nilikufanya mshirika wa kumngoja mtu ambaye hakuwa njiani.

BanaChanda wa jirani, unayemjua kwa mdomo wake, alisimama siku moja hapo kwenye ua na beseni lake la samaki akasema, "Awe, mama! Wewe unasugua hii kitu kupita mutoto. Mutoto iko na matope mpaka masikio." Nikakasirika, nikakaa majuma bila kununua samaki kwake. Lakini jioni ile nilikuogesha, na masikio yalikuwa na matope.

Upande wa juu ulipokuwa wa njano, njano yote, nikampigia baba yako. Nilivaa kitenge kipya kumpigia simu, unaelewa ujinga ulipofika? Akapokea mwanamke. Sauti changa, na nyuma yake mtoto analia.

"We nani?" akauliza.

Nikasema nina habari ya plato ya ba nkambo. Akasema, "Hayuko. Nitamuambia." Kisha akamwambia yule mtoto, kwa upole kabisa, "Nyamaza, papa anakuya." Nikazima simu. Jumamosi iliyofuata ukaja na kitambaa chako mkononi, tayari, nami nikachota majivu. Sikuweza kukwambia. Nilijidanganya kwamba nakulinda, kumbe nilikuwa naogopa kusugua peke yangu.

Wakati wa baridi mwaka huu akapiga baba yako mwenyewe. Ulikuwa shuleni. Sasa nitakuandikia maneno yake kwa mpangilio uleule aliotumia, kwa sababu mpangilio ndio ulionichoma. Alisema, "Nyumba yangu inaisha kujengwa. Bonane bageni wengi batakuya. Ile plato ingali?" Nikasema ingali. "Inang'aa?" Nikasema inang'aa. Kisha akasema, "Mutoto akimaliza masomo akuye nayo. Nitamutia mu kazi ya magari, atajifunza." Hakulitaja jina lako. Nilingoja alitaje. Akasema simu inaisha pesa.

Wewe nilikwambia amekuita, na atakufundisha kazi. Ni kweli, amesema hivyo, na kazi ya magari ni kazi. Uliruka mpaka ukagonga kichwa kwenye boriti. Ningewezaje kukwambia umetajwa wa pili, tena kama mtu wa kubeba mzigo? Tangu siku ile sikuligusa sinia. Nililitupa nyuma ya gunia, nikaliacha na unyevu wa mvua za kwanza. Nikasema moyoni, litakwenda hivyohivyo. Alikute jeusi. Wageni wake wainame waone giza. Amwite yule mwanamke wake, apasuke vidole yeye sasa. Nilikuwa nafurahi kuliona linavyooza, Kisimba. Furaha yangu ya mwaka huu ilikuwa ile kutu.

Jana ukanikuta. Na ulipoubamiza mlango leo nikawaza, atakayesimama mlangoni kwa watu ni nani? Ni wewe. Utashuka boti Kilwa, ng'ambo ya ziwa, utapanda lori na vumbi lote lile, utafika kwenye nyumba mpya na uso wako wa kutabasamu, utatoa kitu kichafu mbele ya wageni, na watakuangalia wewe. Baba yako hatapata aibu yoyote. Hajawahi kuipata. Ingekupata wewe, kama mwiba ule.

Basi nimelisugua. Umeondoka tu, nikaenda kwenye pipa. Nimechuja majivu kwa kilemba cha nkambo wako, kile cheupe. Si kwa ajili ya baba yako, na kama kuna mbingu nkambo wako ananielewa. Nilipomaliza nikajitazama, nikaona mwanamke mwenye mvi ambaye sikumjua vizuri. Meno bado ni yangu.

Kule kwake kaa kama mtu aliyekuja kujifunza kazi. Jifunze uimalize. Akikupenda, pokea, usione kama unanisaliti. Yule mwanamke wake usimchukie, alimwambia mtoto wake papa anakuja kwa sauti ileile niliyotumia mimi kwako, na sijui kama naye anangoja. Watoto wake ni ndugu zako. Lakini ukiona Jumamosi imefika na wamekukabidhi wewe kitambaa na majivu, na mwenye nyumba anapita ua na kutazama na kuendelea na safari zake, usifikiri anakutazama wewe. Weka kitambaa chini. Barabara ya kurudi Kilwa ni ileile, na boti zinavuka hata msimu wa uvuvi ukiwa umefungwa.

Nimelifunga sinia ndani ya kitenge kilekile, kimechakaa lakini hakijatoboka. Barua hii nimeiweka katikati, na nitakuagiza ukifungue ukiwa ndani ya boti. Upande wa juu unang'aa, watajitazama meno mpaka wachoke. Upande wa nyuma sijawahi kuusugua, tangu shimoni mpaka leo. Bado ni mwekundu, na vitundu vyake vyote. Huo ndio uliolala mgongoni kwangu siku ile, mahali pako.

Baba yako atalipokea, ataliweka mezani, na hataligeuza tena. Wewe ligeuze kabla hujampa. Simama popote, hata kando ya barabara, ligeuze uangalie, halafu umpe. Nataka awepo mtu mmoja aliyeuona huku akijua.

Mama yako